Bunduki Isiyopiga, Alama Isiyopima

Mwaka 1999 fainali ya Drum Corps International, mashindano makubwa ya bendi za matarumbeta na ngoma nchini Marekani, iliisha na mabingwa wawili. Santa Clara Vanguard na Blue Devils, zote za California, zilipata alama 98.4 kila moja. Mwaka uliofuata mambo yakawa yaleyale: Cadets na Cavaliers zikatoka sare kwa 97.65. Kisha mwaka 2008 Phantom Regiment ya Illinois ikaishinda Blue Devils kwa 98.125 dhidi ya 98.100. Ukiikata alama moja vipande elfu, ushindi ule ulikuwa vipande ishirini na vitano. Mkimbiaji anaweza kushinda kwa tofauti ndogo kuliko hiyo na asibishiwe, kwa kuwa saa ilikuwapo, mstari ulikuwapo, na kifua kimoja kilitangulia kingine. Katika bendi hizi hakuna mstari wa kufikia. Kuna vijana zaidi ya mia moja wanaopiga, wanaotembea na wanaocheza kwa takriban dakika kumi, na kuna majaji wanaowatazama. Basi zile 0.025 ni umbali wa kutoka wapi hadi wapi? Swali hili linaihusu bendi nzima, ila linawabana zaidi wale wasioshika chombo chochote cha muziki, yaani kikosi cha bendera.

Kikosi hiki asili yake ni jeshi. Bendi za aina hii zilistawi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia chini ya vyama vya maveterani kama American Legion, na kikosi cha bendera kilifanya lile ambalo jina lake la Kiingereza linasema: kiliilinda bendera ya taifa. Mshika bendera alikaa katikati, wenye bunduki wakamzunguka. Katika mpango huo bendera ni ishara. Haitazamwi kwa uzuri wake, inaheshimiwa kwa sababu ya nchi iliyo nyuma yake, na ndiyo maana kuiacha iguse chini ni aibu. Leo vijana wale wanarusha vitambaa vyepesi vilivyotiwa rangi kwa ajili ya onyesho moja tu, visivyowakilisha nchi yoyote. Bunduki zao ni za mbao, hazina pa kupitisha risasi. Panga zao hazikati. Vitu vyote vya ulinzi vimebaki, ila hakuna tena kinacholindwa. Wapo wanaouona mgeuko huo kuwa hasara, lakini mimi naona ndipo falsafa ilipoingilia. Mlinzi anahukumiwa kwa urahisi: amelinda au hakulinda. Kitambaa kinachopepea kwa ajili ya kupepea tu kitahukumiwa kwa lipi?

Vikosi vyenyewe vimelijibu swali hilo kwa njia nyingi, lakini mbili zinasimama kama ncha za kamba moja. Ya kwanza imebaki karibu na gwaride. Uzuri wake ni wa umoja: bunduki ishirini zinapaa pamoja, zinazunguka sawia, zinatua viganjani kwa mlio mmoja, na mtu mmojammoja anayeyuka ndani ya mchoro. Cavaliers wa Illinois, walioanza mwaka 1948 kama kundi la wavulana pekee, ni mfano mzuri wa shule hiyo. Onyesho lao la mwaka 2002, Frameworks, lilikuwa jiometri inayotembea, na lilipata 99.15, alama ambayo wakati huo haikuwa imewahi kuzidiwa. Ncha ya pili imekaribia jukwaa la dansi na la tamthilia. Hapa mwili ndio wa kwanza na bendera ni mkono ulioongezwa urefu. Kila mchezaji ana sura yake, mavazi yake, hata hadithi yake. Blue Devils mwaka 2014 walileta Felliniesque, onyesho lililochota kwenye ulimwengu wa mwongozaji filamu wa Italia, Federico Fellini, lenye wahusika wengi wa ajabu, nao wakapata 99.65. Alama hizi ni za bendi nzima, kikosi cha bendera kikiwa na safu yake ndani yake, lakini ziweke kando kwa kando uone zinavyodai. Je, ndoto za Fellini ni nzuri kuliko jiometri kwa nusu alama? Hakuna mwenye akili timamu atakayesema hivyo, na hata hivyo namba zimeandikwa.

Jibu jepesi ni kwamba tatizo liko kwa majaji wanaohukumu kwa hisia, na kwamba dawa ni kuhesabu. Jibu hilo limekwisha kujaribiwa. Hadi msimu wa 1983 utekelezaji ulihukumiwa kwa kukata: bendi ilianza na alama kamili, na kila kosa lililoonwa na jaji liliondoa moja ya kumi. Mguu uliochelewa, bunduki iliyoanguka, mstari uliopinda, vyote vilikatwa. Mizani ile ilikuwa na sifa ambayo wengi bado wanaikumbuka kwa hamu: haikuuliza mtindo wa mtu, haikupenda wala haikuchukia. Lakini hebu tazama ilichokuwa inahesabu. Kosa linaonekana pale tu ambapo jicho linajua kilichotarajiwa, na jicho linajua kilichotarajiwa pale ambapo watu kumi wanafanya jambo moja. Mkono wa tatu ukichelewa katika safu ya kumi, umeonekana. Wachezaji kumi wakifanya mambo kumi tofauti, jaji mwenye kalamu ama hana cha kukata au ana sababu ya kukata kila kitu. Tena asiyerusha haangushi: njia ya salama kuliko zote ilikuwa kufanya machache na kuyafanya safi. Rula iliyosifiwa kwa kutopendelea ilikuwa imechongwa kwa kipimo cha gwaride, na dansi ilipoletwa mbele yake ilipimwa kama nguo inavyopimwa kwa kibaba. Jambo hili wapenzi wa usawa husahau kwa urahisi, kwamba kipimo kinaweza kuwa kilekile kwa wote na bado kisiwe cha haki.

Mfumo uliofuata uliacha kukata na kuanza kujenga. Jaji wa kikosi cha bendera sasa anatoa alama katika pande mbili: maudhui, yaani kile kilichotungwa, na ufanisi, yaani jinsi wachezaji walivyokitimiza. Naamini ndani ya mgawanyo huo kuna wazo kubwa kuliko waliouandika walivyolitangaza. Unadai kwamba onyesho liulizwe kwanza limeahidi nini, ndipo liulizwe limetekeleza kiasi gani. Kila onyesho huweka ahadi katika dakika zake za mwanzo. Mtindo wa gwaride unaahidi: sisi ni mmoja. Mtindo wa tamthilia unaahidi: sisi ni hawa unaowaona, usituchanganye. Ndiyo maana kosa moja lina uzito tofauti. Bunduki ikianguka katika safu iliyoahidi umoja, ni tundu ukutani, na kila mmoja ameliona. Ikianguka mikononi mwa mhusika, anaweza kuinama, kuiokota ndani ya mwendo wake na hadithi ikaendelea. Lakini kama hadithi nzima ilikuwa inakwea kuelekea kwenye udakaji ule mmoja, basi hasara yake ni kubwa kuliko ya gwaride. Kinyume chake pia ni kweli. Mhusika anayesahau kuwa yeye ni mhusika anapotembea kando kubadilisha bendera, akiwa na uso wa mtu anayefuata ndoo ya maji, amevunja ahadi yake bila kuangusha chochote. Mfumo wa kukata usingemwona. Ninachotetea ni hiki: mitindo hii inaweza kulinganishwa, ila si kama urefu wa vitu viwili. Inalinganishwa kama watu wawili waliotoa nadhiri tofauti, na tunachouliza ni nani ameitimiza nadhiri yake.

Atakuja mpinzani aseme kwamba huko ni kurudi kwenye ladha, na ladha haina hakimu. Mwanafalsafa David Hume alilikabili dai hilo mwaka 1757 kwa kisa alichokiazima kwa mwandishi Cervantes. Ndugu wawili walionjeshwa mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili kwa hukumu zao. Pipa lilipokwisha, chini yake pakakutwa ufunguo wa chuma uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Hume alitaka kuonyesha kuwa kuonja kuna ukweli wake na kwamba ulimi uliozoezwa unagundua kilichomo. Mimi napenda zaidi jambo ambalo hakulikazia: ndugu wale walitofautiana na wote walikuwa sahihi. Jaji aliyekulia kwenye dansi atahisi ngozi, aliyekulia kwenye gwaride atahisi chuma, na kitu hicho kiko kweli ndani ya pipa. Kutofautiana kwa majaji hakuthibitishi kwamba hakuna cha kujua. Kunathibitisha tu kwamba jaji mmoja hatoshi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Nikisema kila kikosi kihukumiwe kwa ahadi yake, nitamzuiaje mwenye ahadi ndogo? Kikosi kinachoahidi kupunga bendera taratibu kitaitimiza ahadi yake kila usiku. Nitajibu kwamba maudhui nayo yanahesabiwa, kwamba ahadi ndogo inapata alama ndogo upande ule. Lakini hapo mpinzani amenikamata, kwa maana nimekubali kuwa ahadi zenyewe zina ukubwa, na sasa nionyeshe ukubwa wa bunduki inayozunguka mara sita hewani dhidi ya ukubwa wa mwili unaoanguka polepole kana kwamba hauna mifupa. Siwezi, na nadhani hakuna awezaye. Mwanafalsafa Joseph Raz alitoa jaribio mwaka 1986 linaloeleza kwa nini. Chukua vitu viwili ambavyo huwezi kusema kipi ni bora. Kiboreshe kimoja kidogo tu. Kama vilikuwa sawasawa kweli, kilichoboreshwa sasa kitakuwa bora kuliko mwenzake. Kama bado huwezi kuchagua, basi havikuwa sawasawa. Vilikuwa vitu visivyopimwa kwa mizani moja. Jaribu na vikosi vyetu. Wape Cavaliers wa 2002 udakaji mmoja safi zaidi. Je, sasa wamewapita Blue Devils wa 2014? Swali lenyewe linasikika la kipuuzi, na upuuzi huo ndio ushahidi.

Kwa hiyo zile nukta za mwisho, 0.025 ya mwaka 2008, hazipimi umbali wowote uliokuwako uwanjani. Ni amana tunayowapa majaji kwa sababu mashindano lazima yaishe, kama penalti zinavyomaliza mechi ambayo dakika mia na ishirini hazikuiamua. Hilo haliwafanyi kuwa wadanganyifu. Majaji wana uhakika kwa haki wanapotenganisha kikosi cha kwanza na cha kumi, kwa kuwa hapo tofauti ya kutimiza ahadi iko wazi kwa ulimi wowote uliozoezwa. Udanganyifu unaanza pale msomaji anapoichukulia nukta ya tatu kama aina ileile ya ujuzi. Pwani yetu iliwahi kuwa na mashindano ya jamii hii bila namba kabisa. Beni, iliyoiga bendi za kijeshi, sare na vyeo vyake, na kuenea na vikundi vya Marini na Arinoti hadi bara, ilikuwa gwaride lililogeuzwa ngoma kama vile kikosi cha bendera kilivyo. Ushindani ulikuwa mkali, lakini hakukuwa na jaji wa kuandika nukta tatu. Mshindi aliamuliwa kwenye midomo ya watu, na midomo haikufungwa. Sisemi ile ilikuwa njia bora. Nasema tu inaonyesha kwamba kushindana na kupima ni mambo mawili.

Linabaki pingamizi ambalo sina jibu lake kamili. Karatasi ya jaji haisomwi na majaji peke yao. Watunzi nao huisoma miezi mingi kabla ya msimu. Upande wa maudhui unathamini wigo, basi watunzi wanaweka kila kitu: dansi kidogo, bunduki kidogo, bendera kubwa mwishoni, mhusika mmoja wa kukumbukwa. Mashindano ya ukumbini ya majira ya baridi, WGI, yaliyoanza mwaka 1977, yameongeza kasi ya jambo hili, kwa kuwa wachezaji na watunzi wengi ni walewale wa pande zote mbili na mbinu zinahama nao. Matokeo yake ni kwamba ncha mbili za kamba nilizozieleza zimekaribiana, na gwaride tupu limekuwa adimu. Hoja yangu ilikuwa kila kikosi kihukumiwe kwa ahadi yake. Kumbe mfumo ulioifungulia hoja hiyo mlango unafundisha kila kikosi kutoa ahadi ileile, ya kwamba kinaweza yote. Naweza kusema kosa si la wazo bali la jinsi wigo unavyosomwa, kwamba kina nacho ni maudhui, na jaji hodari anapaswa kumpa haki yake anayechimba shimo moja hadi maji. Nalisema hilo na naliamini. Lakini kikosi kitakachotaka kubaki na bunduki za mbao peke yake dakika zote kumi kitaingia uwanjani bila kukatazwa na mtu, kitarusha na kudaka kama mkono mmoja, na safu ya maudhui bado itakiuliza mbona hakikucheza.