Mvumilivu na Mng'ang'anizi

Kasoro inayojulikana hutafutiwa dawa. Inayotuponza zaidi ni ile tunayoihesabu kuwa sifa. Mfano ni mazoea ya kuongeza mali na nguvu kwenye jambo lililokwisha haribika, kwa kuwa tu tumeshalitolea mengi. Wenyewe tunayaita msimamo.

Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori ya Kongwa, Tanganyika, walime karanga, maana baada ya vita kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu. Wataalamu waliotangulia kuikagua nchi walikaa wiki chache tu, sehemu kubwa wakiitazama kutoka angani. Ukame wa Ugogo, eneo iliko Kongwa, haukuwa siri. Wenyeji walikuwa bado wanaikumbuka njaa ya Mtunya ya 1918 hadi 1920. Matrekta yakaharibika vichakani, mvua ikakosekana, na kiangazi udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga zisichimbike. Fedha ziliendelea kutoka, na Waziri wa Chakula, John Strachey, aliendelea kuutetea mradi bungeni London. Ulipoachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeteketea.

Hawakuwa wajinga. Fedha iliyotumika imekwenda, uendelee au uache, hivyo haiwezi kuwa hoja ya kuendelea. Mbona basi akili huishikilia? Kwa sababu kuacha ni kujihukumu. Mradi ukiwa hai, hukumu huahirishwa, na sisi tuko radhi kuulipia uahirisho huo. Mwanafunzi huulipia kwa miaka ya kozi asiyoitaka, mwenye duka kwa mkopo wa pili. Kiongozi huulipia kwa fedha za wengine, na walio chini yake hujifunza upesi ni habari zipi za kumpelekea.

Utaambiwa mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini sababu za mvumilivu ziko mbele yake: anaona dalili za matunda. Sababu za mng'ang'anizi ziko nyuma: anahesabu alichotoa.

Basi jiulize: kama nisingekuwa nimetoa hata senti moja, leo ningelianza jambo hili? Jibu likiwa hapana, acha. Nawe kiongozi, panga kipimo na tarehe ya kuacha kabla hujaanza, ungali huna cha kutetea.