Tucheke, Lakini Tumcheke Nani?

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo, yaani filamu za kuchekesha na filamu za familia, ambazo watoto wetu huzitazama katika mabanda ya video na siku hizi hata kwenye simu. Wazee wametuuliza mara nyingi kama zinafaa. Vijana nao wameuliza kwa nini kila wakicheka kwa sauti huonekana wamepotoka. Kabla ya kujibu tunaomba tusimulie jambo tuliloliona Gitaza.

Wengi wetu asili yetu ni kando ya Ziwa Tanganyika, na wazazi wetu walitoka huko mwaka 1972. Gitaza iko kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili, na nafasi iliyobaki katikati ni ndogo. Mwezi wa Machi 2015 udongo uliporomoka kutoka mlimani, ukavunja nyumba na kufunga barabara. Tulipokwenda baadaye kuwaona ndugu, tulilala kwa familia moja iliyopoteza nyumba yake siku zile. Jioni, baada ya kula ugali na ndagala, kijana wa pale aliunganisha televisheni ndogo kwenye betri ya sola, akaweka filamu ya kuchekesha kutoka Tanzania. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Mzee mmoja tuliyesafiri naye akainuka, akaenda kukaa nje. Tulipomfuata alisema, "Mtu aliyepoteza nyumba anachekaje namna hii?"

Tukarudi ndani. Filamu ikaendelea, akatokea mhusika mwingine, kibarua mwenye lafudhi ya kwetu. Kila alipofungua mdomo, wenzake walianguka kwa kicheko. Hakuwa amekosea lolote, alikuwa anaomba kazi tu. Watoto waliokaa mkekani wakacheka pia. Lakini mama yule alinyamaza. Kisha akauliza, "Sasa huyu amefanya nini?" Hakuna aliyemjibu.

Tangu safari ile tumekuwa tukiyafikiri maswali hayo mawili, la mzee na la mama.

Tuanze na la mzee. Je, aliyepatwa na msiba ana haki ya kucheka? Sisi tunaamini anayo, na tena majirani zetu hapa Tanzania wametufundisha hivyo kwa mila zao. Wote tumeona watani wanavyofanya msibani. Mtani huja kwenye matanga akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, akadai apewe pesa ndipo jeneza lipite. Wafiwa, wakiwa bado na machozi, hucheka. Hakuna anayesema kwamba hawakumpenda marehemu wao. Mtani anajua kwamba huzuni ikikaa peke yake moyoni humwangusha mtu, kwa hiyo huingia na kuibeba pamoja nao kidogo. Hata Sara katika Maandiko alicheka mara ya kwanza kwa kutoamini, na mara ya pili kwa furaha, na kicheko hicho kikawa jina la mwanawe. Mama wa Gitaza hakuwa amesahau nyumba yake. Aliamka alfajiri kesho yake kama kila siku, akaenda ziwani kungoja mitumbwi. Alikuwa amepumzika kwa saa moja na nusu tu, na sisi hatuoni dhambi katika hilo.

Swali la mama ni gumu zaidi, na hapo tena neno utani linatusaidia. Wanyamwezi na Wazaramo wamekuwa watani tangu siku za misafara ya kwenda pwani. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo neno ambalo mtu mwingine akilisema patakuwa na ugomvi. Kwa nini hapana ugomvi? Kwa sababu Mzaramo naye ana zamu yake. Leo umenicheka, kesho nitakucheka, na wote wawili tunalijua hilo. Utani ni mkopo unaolipwa. Pale ambapo anayechekwa hana zamu, hana mdomo wa kujibu, wala hayupo, huo si utani tena bali ni dhihaka. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Dhihaka ni mkuki huo.

Tukizipima filamu kwa kipimo hiki tutaona tofauti mara moja.

Mtazameni marehemu King Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 2018. Mara nyingi aliigiza mzee mwenye tamaa na ujanja, ambaye hila zake mwishowe humrudia mwenyewe. Wazee walimcheka kwa sababu walijiona, na vijana walimcheka kwa sababu waliwaona baba zao. Hatusemi filamu zake zote ni za kuwekea watoto. Nyingine zina maneno ya chumbani ambayo mzazi angetamani yasisemwe mbele ya mtoto wa miaka saba. Lakini aliyechekwa zaidi alikuwa yeye mwenyewe, na hakumwonea mnyonge kwa kufanya hivyo.

Burundi nayo ina mfano wake. Filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kutoka nchini ilikuwa ya kuchekesha. Ni Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992. Gito amesoma Paris, anarudi nyumbani akiamini kwamba shahada yake itampa uwaziri. Uwaziri haupatikani. Tena ana wapenzi wawili, mmoja wa Ulaya na mmoja wa nyumbani, na hao wanapojuana wanaungana kumfundisha adabu. Anayechekwa hapo ana elimu, ana suti, na ana maneno mengi. Anachekwa kwa kiburi chake, kitu ambacho angeweza kukiacha akitaka. Sisi nasi tunao kina Gito wetu. Tangu mwaka 2007 baadhi ya ndugu zetu walihamishiwa Marekani, na tumeshamwona mmoja au wawili wakirudi kututembelea wakijidai wamesahau jinsi ya kula kwa mkono. Tukimcheka huyo hatumwonei, maana naye atatucheka, na jioni tutakula wote sahani moja.

Sasa tazameni filamu nyingine ambayo nasi tuliicheka sana zamani, The Gods Must Be Crazy, iliyotengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini mwaka 1980. Chupa ya soda inadondoka kutoka kwenye ndege huko Kalahari, na watu wa jamii ya Wasan wanaidhani ni zawadi ya miungu. Filamu inawacheka hata watu wa mjini, hilo ni kweli. Lakini inawaonyesha Wasan kama watu wasiojua lolote la dunia, wenye raha kama watoto. Wakati ule Wasan wengi wa Namibia walikuwa wamekusanywa kwenye makazi ya Tsumkwe wakiishi kwa chakula cha kugawiwa, na vijana wao wakichukuliwa kuwa askari katika jeshi la serikali ya ubaguzi wa rangi. Filamu iliingiza mamilioni ya dola, na N!xau, Msan aliyeigiza ndani yake, alilipwa kidogo sana kwa filamu hiyo ya kwanza. Watu wa mjini waliochekwa walikuwa na kamera ya kujibia. Wasan hawakuwa nayo. Sisi tunaojua maana ya makazi na maana ya foleni ya chakula, tulipaswa kuliona hilo kabla ya wengine, lakini hatukuliona.

Je, inawezekana kuchekesha juu ya mtu aliyehama bila kumdhihaki? Inawezekana. Mwaka 1917 Charlie Chaplin alitengeneza filamu fupi isiyo na sauti iitwayo The Immigrant. Watu maskini wako melini wakienda Marekani, wanatapika, wanaibiwa, wanateleza na sahani zao. Wanaliona lile sanamu kubwa la Uhuru bandarini New York, na saa ile ile maofisa wanawazuia kwa kamba kama mifugo. Chaplin, akiwa mmoja wa wahamiaji hao, anampiga ofisa teke la makalioni. Watoto wetu wakiitazama hucheka sana, na hawahitaji mtafsiri. Tena kamba ile wazazi wao wanaijua. Chaplin alikulia katika umaskini London, na akiwa na miaka saba aliwekwa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1952, alipokuwa safarini, Marekani ilimfutia ruhusa ya kurudi, akahamia Uswisi. Alichekesha juu ya maskini akiwa upande wao wa kamba. Kamba ndiyo aliyoifanya ichekwe, na si waliofungwa nayo.

Tungeweza kuishia hapo tukiwalaumu watengenezaji wa filamu, lakini haitakuwa haki. Nasi tumo. Katika maigizo ya vijana wetu wenyewe tumewahi kumweka Mtwa anayesema ovyo, au mlemavu anayeanguka, ili watu wacheke. Tulikuwa viti vya mbele, tukapiga makofi. Waliokuja mwaka 1972 tumewacheka waliokuja baada ya 1993, kwamba hawajui Kiswahili. Watoto wetu nao wamejifunza upesi, na wapo wanaoona aibu bibi yao akiwaita kwa Kirundi mbele ya wenzao. Mtoto akianza kumwonea bibi yake aibu, msijiulize sana alijifunza wapi. Alijifunza tulipocheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kwa hiyo hatupendekezi mabanda yafungwe wala simu zinyang'anywe. Kukataza kicheko ni kazi bure, na mama wa Gitaza ametuonyesha kwamba ni ukatili pia. Tunachoomba ni kwamba wazazi wakae kwenye mkeka pamoja na watoto, angalau mara moja kwa wiki, na filamu ikiisha waulizane kama mama yule alivyouliza: aliyechekwa amefanya nini? Kama jibu ni kwamba alikuwa mchoyo, mwongo au mwenye majivuno, vema. Kama jibu ni kwamba alikuwa maskini, mgeni, mlemavu au mwenye lafudhi, basi mzazi aseme wazi kwamba hapo tumekosea kucheka. Kisha waulizane jambo la pili: huyo mtu angekuwa amekaa hapa nasi, angecheka pia? Na angekuwa na zamu ya kutucheka?

Mzee wetu aliyetoka nje usiku ule wa Gitaza alirudi ndani kabla filamu haijaisha. Alikaa karibu na mama mwenye nyumba, na mahali fulani mwishoni tulimsikia akicheka. Hatukumuuliza kitu. Ninyi wasomaji mnaonaje? Tuandikieni, hata kama hamkubaliani nasi, nasi tutayasoma maoni yenu mbele ya wote katika kikao cha vijana.