Je, ni Halali Kushangilia Ndege ya Adui Ikianguka?



Tulipowatembelea ndugu zetu wa Kabatoro, kando ya ziwa la chumvi la Katwe, kijana mmoja alileta sadaka ya shukrani. Akaomba itangazwe kwamba amesikia ndege ya adui imeanguka kule nyumbani. Wengine walipiga makofi kabla hatujajibu. Nasi tusijifanye watakatifu: miaka ya vita, tukiwa tumejificha migombani, tuliwahi kupiga makofi hayo hayo.

Tuliwakumbusha habari ya Katanga. Mwezi wa pili 1961, serikali ya Moïse Tshombe iliyojitenga na Kongo ilipokea ndege 3 aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa. Ni jeti ndogo za kufundishia marubani, zenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, cha mwanafunzi na cha mwalimu. Katanga ikazifanya silaha. Mwezi wa sita moja ikaanguka. Mwishoni mwa mwezi wa nane ya pili ikakamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa.

Haya, tuseme Mungu ndiye aliyeiangusha ile ya kwanza, kama kijana wetu angependa. Ile ya tatu nani aliiacha iruke? Maana hiyo moja, peke yake, mwezi wa tisa iliwashambulia askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita ya kuikabili. Kwa kuihofia, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alisafiri usiku, akizungushwa mbali upande wa Ziwa Tanganyika. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18. Watu 16 walikufa. Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyepewa kazi ya kuchunguza, ameandika kwamba huenda ilishambuliwa. Neno la mwisho halijapatikana. Mwenye kusoma mapenzi ya Mungu katika mabaki ya ndege ya adui, atasoma nini katika mabaki ya Ndola?

Kushusha pumzi ni jambo jingine. Mama aliyelala shimoni na watoto, mngurumo ukikoma, ana haki ya kusema asante. Anashukuru kwa uhai wa wanawe. Makofi yanakwenda mbali zaidi, mpaka kwenye kile kiti, kwa mtu anayeungua. Na katika ndege ya kufundishia, huenda aliyekikalia ni kijana aliyeanza kujifunza juzi tu.

Sadaka tuliipokea. Tulitangaza kwamba mama yake na wadogo zake wako hai. Habari ya ndege hatukuisoma. Alikasirika, akatoka kabla ya baraka. Jumapili hii tunarudi Kabatoro kumwona.