Kamba ya Zainab

Katika nchi ya Handeni na Korogwe, ambako mkonge ulipandwa tangu zama za Wadachi na mkata mkonge akahesabiwa kipande chake cha siku thelathini, kila siku ikitiwa alama baada ya ngwe kwisha na si kabla, watu wamelelewa wakiamini kwamba mtu ni kazi yake. Na uhuru ulipokuja na wito wake wa Uhuru na Kazi, itikadi hiyo ikazidi kukita mizizi, hata leo mtu aonekanaye amejinyoosha mkekani jua lingali utosini hana budi kujibu shitaka la uvivu kabla hajajuliwa hali.

Sasa yako maradhi yanayomfikisha mtu mbele ya shitaka hilo kila siku, nayo ni yale ya uchovu sugu, uchovu uzidio miezi sita, usioondoka kwa usingizi, unaoitia akili ukungu na kumfanya mtu aone kizunguzungu akisimama. Alama yake kubwa ni kwamba kazi ndogo huadhibiwa adhabu kubwa, na aghalabu adhabu hiyo haiji papo hapo, bali kesho yake au kesho kutwa. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilikata shauri kuwa haya ni maradhi mazito ya mwili, wala si dhana ya mgonjwa; na mwaka 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza ikawaonya matabibu wasimpangie mgonjwa mazoezi ya kuongezwa daraja kwa daraja, kama ilivyokuwa ada. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Lililopo ni kuishi kwa kadiri, yaani kuacha kazi nguvu zingali zimebaki. (Lakini uchovu wa muda mrefu waweza pia kuwa malaria, upungufu wa damu, kisukari au kifua kikuu, basi hospitali iwe kwanza, nasema haya nikijua kwamba Handeni haina uhaba wa waganga wa kienyeji.)

Katika huko kuacha kazi nguvu zingalipo ndipo penye fundo. Sheria ya Kiislamu imekwisha kumpa mgonjwa asiyeweza rukhsa yake: aswali ameketi, akishindwa aswali kwa ubavu, na saumu ailipe siku nyingine. Lakini huyu wetu asubuhi hii anaweza! Je, mwenye kuweza akajizuia ana udhuru gani mbele ya Mola wake?

Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akaambiwa ni ya Zainab, ambaye akichoka katika sala hujishikilia hapo asianguke. Akaamuru ifunguliwe, na kila mtu aswali akiwa na uchangamfu wake, akichoka akae. Ibada yenyewe, iliyo bora kuliko kuvuna na kuteka maji, haikuruhusiwa kumbeba mtu kupita kadiri yake. Na Wakristo wa Korogwe wanalo la kwao: Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, malaika hakumkemea kwa usingizi, bali alimlisha, akamwacha alale tena, na baadaye ndipo akatakiwa kuianza safari.

Walakini Zainab alijua alipochoka, na mgonjwa wetu hajui mpaka baadaye. Basi yeye hawezi kuungojea uchovu umwamuru. Ni lazima ajikatie ngwe mapema, kwa kumbukumbu ya yaliyompata, na awe nyapara wa nafsi yake siku ile hasa anapojihisi mzima. Kwa rai yangu, huo ni utii ulio mgumu kuliko kuvumilia, maana mvumilivu husifiwa, na huyu husutwa.

Tumtazame mwanamke mmoja wa Chanika, huko Handeni, mwenye maradhi haya. Huchambua mchicha ameketi kigodani, hubeba kidumu cha lita tano badala ya ndoo ya ishirini, na kabla ya adhuhuri hulala, ijapokuwa hajachoka. Mavyaa wake husimama mlangoni: “Mwanangu, wenzio wako shamba, wewe waumwa nini?” Naye hujibu, “Shikamoo mama. Leo siumwi, nalala nisiumwe kesho.” Jibu hilo ni la kweli tupu, na hakuna litakaloaminiwa kwa shida zaidi.

Lakini masika hayamngojei mtu, na asiyepanda hali. Mapumziko ya mgonjwa yana gharama, na ikiwa gharama hiyo itamwangukia peke yake, rukhsa yake imebaki maneno matupu. Mimi naiona kuwa ni faradhi ya kifaya juu ya nyumba na jirani zake: mmoja akiichukua ile ndoo ya ishirini, dhima imewaondokea wote, na asipoichukua yeyote, wote wamekosa. Nawaomba masheikh na mapadri waliseme hili mimbarini, na mavyaa wa Chanika, kesho asubuhi, amtume kijana wa kiume kisimani.