Wajibu wa Alalaye na Wajibu wa Aliye Macho

Wazee walisema kuwa usingizi ni ndugu wa mauti. Maneno haya ni ya kweli, lakini hayatutishi; kila usiku twamwendea ndugu huyo kwa hiari yetu, twamkabidhi macho, masikio na akili, wala hatumdai dhamana. Twafanya hivyo kwa sababu twaamini mambo mawili. Kwanza, twaamini kuwa tumeyaacha mambo yetu katika hali ya kuweza kuokotwa tena asubuhi pale pale tulipoyalaza. Pili, twaamini kuwa wale waliobaki macho hawatayaingilia wakayavuruga. Imani ya kwanza yahusu wajibu wa alalaye. Ya pili yahusu wajibu wa aliye macho. Basi hapa pana swali linalostahili kufikiriwa: mtu akilala kwa amani, akaamka, na kwa kuamka kwake hasara ikatokea, lawama iwe juu ya nani?

Nimechagua kulitafuta jibu mahali ambapo pengine msomaji hakupatarajia, yaani ndani ya kompyuta. Sababu yangu ni hii. Mwanadamu akihojiwa juu ya wajibu wake huwa na udhuru mwingi: alichoka, alisahau, alighadhibika. Kompyuta haina udhuru. Kila lifanywalo nayo limeandikwa na mtu aliyekaa akafikiri lipi lapasa kutangulia na lipi kufuata. Kwa hiyo tukiusoma usingizi wake twausoma wajibu uliopangwa hatua kwa hatua, na kosa likitokea twaweza kuifuata njia yake mpaka mwanzo.

Ndani ya kila mfumo endeshi mna programu moja yenye mamlaka juu ya nyingine zote, nayo huitwa kiini. Kiini hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kazi, na husema na vifaa vyote. Nitazungumza juu ya kiini cha Linux, ambacho maandishi yake yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Kanuni iitwayo ACPI, iliyotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, yatambua daraja kadhaa za usingizi, na mbili zatutosha hapa. Katika daraja ya S3, ambayo nitaiita usingizi mwepesi, prosesa na vifaa vingi huzimwa, lakini kumbukumbu huendelea kulishwa umeme kidogo isipoteze yaliyomo. Katika daraja ya S4, usingizi mzito, yaliyomo katika kumbukumbu hunakiliwa katika diski, kisha umeme hukatwa. Usingizi mwepesi hutegemea betri, na betri ikikauka kila kitu hupotea. Usingizi mzito waweza kuchukua wiki nyingi bila kudai kitu. Mwenye mashine huuamuru kwa neno moja tu: akiandika neno disk katika faili iitwayo /sys/power/state, safari huanza.

Tutazame jinsi kiini kinavyojiandaa. Kwanza huandika katika diski yale yote yaliyokuwa yakingoja kuandikwa, kama mtu alipaye madeni madogo kabla ya kupanda chombo. Kisha huzigandisha kazi zote: kila programu husimamishwa ilipo, isiweze kugusa kitu. Muda uliowekwa kwa kawaida ni sekunde 20. Ikiwa iko kazi moja iliyokataa kusimama katika muda huo, safari huvunjwa na nyingine zote huamshwa. Baadaye hulazwa vifaa, na hapa pana utaratibu mzuri: kifaa kinachotegemea kingine hulala kwanza, na kile kinachotegemewa hulala mwisho, wakati wa kuamka mambo hugeuzwa, mtegemewa akaamka kabla ya mtegemezi wake. Ndipo kiini, kikiwa na prosesa moja tu na bila kelele ya kifaa chochote, huchukua picha ya kumbukumbu yake. Picha hiyo huandikwa katika sehemu ya diski iliyotengwa, alama huwekwa kuonyesha kuwa hapa pana aliyelala, na umeme huzimwa.

Kuamka kwake kwastaajabisha zaidi. Umeme ukirudi, anayeamka kwanza si yule aliyelala. Huanza kiini kingine, kichanga, kisichojua lolote la jana. Hicho huambiwa mahali pa kutazama. Hukuta alama, huifuta ili picha ile isitumiwe mara ya pili, huisoma picha yote, huvituliza vifaa, kisha huiachia picha nafasi ya kumbukumbu ambayo chenyewe kilikuwa kikiikalia. Mlinzi huyu hutoweka kwa kuirudisha amana. Aliyelala hufungua macho katikati ya sentensi aliyoiacha, kana kwamba hapakupita kitu.

Mpaka hapa wajibu wa kila mmoja waonekana kutimizwa. Sasa nitaeleza jinsi nilivyojua kuwa haukutimia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mashine moja yenye mifumo miwili ya Linux. Mmoja niliutumia kwa kazi za kila siku, wa pili kwa majaribio, na yote miwili ilishiriki ghala moja la faili. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenikabidhi tasnifu yake niisome, pamoja na mahojiano aliyofanya na wazee wa kwao. Usiku mmoja niliulaza mfumo wa kwanza usingizi mzito, kurasa zake zikiwa wazi juu ya kioo. Asubuhi niliwasha mfumo wa pili, nikafungua ghala lile, nikaandika masahihisho mengi, nikauzima. Jioni nikauamsha wa kwanza. Uliamka vizuri kabisa. Kila ukurasa ulikuwa pale nilipouacha, nami nikafurahi. Haukupita muda mrefu faili zikaanza kukataa kufunguka. Masahihisho yangu yalikuwa yametoweka, na juu ya baadhi ya mahojiano palikuwa pameandikwa vitu vingine. Sehemu kubwa ya kazi ilipatikana katika nakala aliyobaki nayo mwanafunzi mwenyewe. Lakini mahojiano ya mzee mmoja, aliyekuwa amekwisha kufariki, hayakupatikana tena. Ilinibidi kumwambia mwanafunzi yule uso kwa uso, na sikuwa na mtu wa kumtupia lawama.

Tulichunguze kosa hili bila kujionea huruma. Mfumo wa kwanza ulipolala ulikuwa na ramani ya ghala katika kumbukumbu yake: mahali pa kila faili, na mahali palipo patupu. Wakati umelala, mfumo wa pili uliandika vitu mahali patupu. Wa kwanza ulipoamka haukuuliza; uliiamini ramani yake, ukaona patupu palipojaa, ukaandika juu yake. Haukusahau hata herufi moja. Madhara yalitoka katika kukumbuka kwa ukamilifu mambo ambayo hayakuwapo tena.

Msemaji wa kwanza aweza kusema kuwa lawama ni ya alalaye, kwa sababu aliamka akaiamini kumbukumbu yake kuliko dunia. Hoja hii ina nguvu, kwa maana katika mambo mengine kiini huuliza. Kikiamka huisoma saa ya mashine, inayotembea kwa betri yake ndogo, kikajisahihishia wakati. Wala hakidhani kuwa ni jana. Wasomaji wengi wa pwani wakijua kisa cha watu wa pangoni watakumbuka kuwa neno la kwanza la waamkaji wale lilikuwa kuulizana wamekaa kiasi gani, na wengine wakadhani ni siku moja au sehemu ya siku. Kujua saa, hata hivyo, hakutoshi. Mtu aweza kujua kuwa imepita miaka kumi na bado akaingia katika chumba kilichokuwa chake bila kubisha hodi.

Msemaji wa pili atasema kuwa lawama ni ya aliye macho, aliyegusa mali ya mwenzake naye yuko usingizini. Hoja hii nayo ina nguvu, lakini yatupasa tuusikilize utetezi wake. Ghala la faili lina daftari ambalo ndani yake mabadiliko huandikwa kabla ya kutendwa, kwa hekima ile ile isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mfumo wa pili ulipolifungua ghala ulikuta daftari halikufungwa. Kwa desturi, daftari lisilofungwa huwa na maana moja: umeme ulikatika ghafla, na mwenye ghala alikufa kazini. Kwa hiyo mfumo ule ulifanya lile ambalo mrithi mwema hufanya: ulikamilisha yaliyoandikwa, ukalifunga hesabu, ukaanza kulitumia ghala kama mali yake. Haukuwa mwizi. Uliona dalili za mauti mahali palipokuwa na usingizi, kwa kuwa alama ya usingizi iliwekwa katika sehemu nyingine ya diski, na juu ya mlango wa ghala lenyewe hapakuwa na neno.

Hapa methali ya wazee yarudi na uzito mpya. Ikiwa usingizi ni ndugu wa mauti, basi ndugu hawa hufanana sura, na amtazamaye mmoja aweza kumwita kwa jina la mwingine. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi haziruhusu mirathi ya mtu aliyepotea igawanywe siku aliyotoweka, bali zadai ipite miaka maalumu. Na uko mfano katika kompyuta zenyewe unaoonyesha kuwa jambo hili lawezekana. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi ambazo mwenyewe adhani amezizima huwa zimekilaza kiini chake katika diski ili ziwake upesi. Programu ya ntfs-3g, inayoiwezesha Linux kuandika katika ghala za Windows, ikikuta ishara ya usingizi huo hukataa kuandika. Yeye aliye macho asimama mlangoni akasema: mwenyewe hajafa, amelala, sitagusa. Lakini aliweza kusema hivyo kwa sababu ishara iliachwa mahali anapoiona.

Yuko mtu wa tatu, ambaye ndiye mimi. Nilikuwa peke yangu kuwajua wote wawili; nilijua nani amelala na nani anaingia. Kabla ya kulala ningeweza kuamuru ghala la pamoja lifungwe, ili alalaye asiende usingizini na funguo za nyumba isiyo yake peke yake. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka urahisi wa kukuta kurasa zangu wazi. Na hata baada ya kosa la asubuhi, njia ya wokovu ilikuwapo bado. Kiini chaweza kuambiwa wakati wa kuwaka, kwa neno noresume, kisiirudishe picha ya zamani bali kianze upya. Ningepoteza kurasa chache zilizokuwa wazi na mawazo mawili matatu yasiyohifadhiwa, ghala lingesalimika. Lakini nilipenda kurudi pale nilipoacha. Niliichagua kumbukumbu ya mmoja nikaiponza mali ya wengi, na sauti ya mzee yule ikawa gharama yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Alalaye ana wajibu wa kufunga kabla ya kulala yale anayoshiriki na wengine, na kuacha neno mlangoni juu ya yale asiyoweza kufunga. Aliye macho ana wajibu wa kutouita usingizi mauti kwa kuwa tu kumwita mauti kwampa nafasi ya kurithi. Wote wawili wakikosea bila kujua, lawama yao ni ndogo. Kubwa ni ya yule aliyejua hali zao akanyamaza kwa ajili ya raha yake.

Nawaandikia wanafunzi na walimu, watu ambao kwa kazi yao huondoka makwao miaka mingi kisha wakarudi. Kila mmoja wetu hubeba picha ya nyumbani aliyoichukua siku ya kuondoka, na kadiri aipendavyo ndivyo inavyokuwa kamili. Arudipo hukuta njia imehamishwa, shamba limepandwa na mtu mwingine, ndugu mdogo amekuwa mwenye neno barazani. Akianza kutenda kwa ramani yake ya zamani ataandika juu ya maisha ya watu akidhani ni mahali patupu. Na wale waliobaki nao wajiulize kama walimhesabu kuwa msafiri au walimhesabu kuwa marehemu.

Tangu siku ile nimebadili utaratibu wa mashine yangu: ghala la pamoja hufungwa kabla ya usingizi, na mfumo wa pili hauwezi kulifungua kabla ya kutazama kama mwenziwe amelala. Mwanafunzi yule alihitimu. Katika tasnifu yake, mahali palipokuwa pawe na maneno ya mzee, aliandika kuwa mahojiano yalipotea yakiwa mikononi mwa msomaji wake. Aliniuliza kama nataka aliondoe. Nilimwambia aliache.