Ulimi na Amri ya Nane

Mwezi huu twauliza swali moja: Je, neno la kumdharau mtu wa dini nyingine ni dhambi ndogo, maadamu mkono haujampiga mtu? Wako wasemao kwamba ni mzaha tu wa barazani, nao hupita kama upepo.

Basi tuangalie jambo lililotokea Ujerumani, katika Dresden, mji ambamo Misioni ya Leipzig ilianzishwa mwaka 1836, ile iliyowatuma wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 2008 mwanamke Mwislamu wa Misri, Marwa El-Sherbini, aliyesomea kazi ya dawa, alikuwa na mwanawe katika uwanja wa watoto, akaomba mtoto apewe nafasi ya kubembea. Mwanamume mmoja akamtukana kwa ajili ya ushungi wake, akamwita gaidi. Shauri likafika kortini, yule mtu akatozwa faini. Kisha likarudi kwa rufani. Tarehe 1 Julai 2009, Marwa alipokwisha kutoa ushuhuda wake, mtu yule alimrukia kwa kisu mle mle kortini, akamwua, naye alikuwa mja mzito. Mwanawe, mtoto wa miaka mitatu, alikuwapo. Mumewe alipokimbia kumwokoa alichomwa kisu, tena askari akampiga risasi, akimdhania kuwa ndiye mwuaji. Mwaka ule ule mwuaji alihukumiwa kifungo cha maisha.

Tazameni mwendo wa dhambi hii. Ilianza katika amri ya nane, ikaishia katika amri ya tano. Maana amwitaye gaidi mwanamke asiyemjua, amemshuhudia jirani yake uongo.

Hatusemi kwamba kila tusi hufika kwenye kisu. Lakini hata pasipo kisu chuki hufanya kazi yake, nayo humwelemea mwanamke kwanza, kwa kuwa ushungi huonekana kwa mbali. Mwaka 1998 mwalimu Fereshta Ludin alinyimwa kazi ya shule katika jimbo la Baden-Württemberg, kwa kuwa hakukubali kuvua ushungi darasani. Baadaye majimbo kadhaa yakaweka sheria za kukataza, hata mwaka 2015 mahakama ya katiba ikaamua kwamba haifai kuwakataza waalimu wote kwa jumla.

Labda mtu atasema: Je, tuache kuishuhudia imani yetu? Hasha! Lakini kumshuhudia Kristo ni jambo moja, na kumshuhudia jirani uongo ni jingine. Hatuna haja ya kuyakubali mafundisho yake ndipo tumtendee haki. Katekisimo yatufundisha kumtetea na kumnenea mema.

Basi, waalimu na wazee wa sharika, tujihoji. Mama mwenye buibui apitapo sokoni, na wenzetu wakampa jina baya, nasi tukacheka, tumetoa ushuhuda gani? Mtoto aliyemshika mkono asikia. Na tujifunze kumkanya mwenzetu pale pale, neno lingali neno tu.