Nani Mwenye Kisiwa?

Je, msomaji, mtu aweza kumiliki mahali asipoweza kuishi? Swali hili huonekana jepesi mpaka liulizwe juu ya mahali maalumu, basi na tupataje.

Katika mlango wa bahari wa Nares, utenganishao Greenland na kisiwa kikubwa cha Ellesmere cha Kanada, kimesimama kisiwa kidogo cha mwamba wa chokaa. Eneo lake ni kilometa za mraba 1.3 hivi. Hakina mti hata mmoja, na udongo wake ni haba mno. Kiko zaidi ya digrii 80 kaskazini mwa ikweta, ambako jua hutoweka kwa miezi mfululizo na bahari hugeuka barafu. Hakuna mtu akaaye humo. Wainuiti wa kaskazini ya Greenland hukiita Tartupaluk, kwa kuwa umbo lake lafanana na figo. Ramani hukiita Hans, jina la Mgreenland aliyewaongoza wasafiri wa Kimarekani katika karne ya 19; kwao mtu huyo aliitwa Suersaq.

Dola mbili zilikigombania kisiwa hiki kwa karibu miaka hamsini. Bahari hapo ina upana wa kilometa 35 hivi, nacho kiko karibu na katikati. Sheria huiruhusu kila nchi kudai bahari hadi kilometa 22 kutoka pwani yake. Kwa hiyo Kanada ilikihesabu kuwa chake, na Denmark, yenye kutawala Greenland, vilevile. Mwaka 1973 zilipochora mpaka wa chini ya bahari, mstari ulifika ukingoni mwa kisiwa, ukakoma, ukaanza tena upande wa pili. Mwaka 1984 waziri wa Denmark, Tom Høyem, alitua kwa helikopta, akasimika bendera na kuacha chupa ya kileo. Wakanada nao walikuwa wakiacha bendera yao na wiski.

Dunia ilicheka, na ni afadhali kuachiana chupa kuliko kuachiana makaburi. Lakini tazama bendera ile ilikuwa ikisema na nani. Haikusema na mwamba, wala na dubu weupe wapitao. Ilisema na mwenye bendera nyingine tu. Mwenye shamba hulilima, hulipalilia, akalijua hata kwa giza. Waziri alikaa kitambo akaondoka.

Wako waliokijua kisiwa hiki. Wawindaji Wainuiti walipita huko juu ya barafu kwa magari yavutwayo na mbwa, wakapanda kileleni kutazama hali ya barafu na kutafuta dubu. Kwao hapo palikuwa pa kutegemewa: aliyeisoma barafu vibaya alizama. Je, hao ndio wenyewe?

Utaniambia kwamba kutumia si kumiliki, maana mvuvi hamiliki bahari. Ni kweli. Tena meli ikimwaga mafuta katika maji yale, mwindaji atamshitaki nani ikiwa mahali hapana mwenyewe? Hapo ndipo mimi nauona mpaka una maana: si kwa fahari ya aliyeuchora, bali kwa kuwa watu wapate wa kumwuliza. Dola idaiyo mwamba usiokalika haina budi kujibu kwa ajili ya wale wapitao. Ikiwa haitaki kujibu, madai yake ni kitambaa juu ya mti.

Tarehe 14 Juni 2022, mjini Ottawa, mapatano yalitiwa sahihi. Kisiwa kiligawanywa kwa kuufuata mwamba wenyewe, na hivyo Kanada, ambayo kwa nchi kavu ilipakana na Marekani peke yake, ikapata jirani wa pili. Mapatano yale yaliahidi pia kwamba Wainuiti wa Greenland na wa Nunavut wataendelea kupita, kuwinda na kuvua kama walivyozoea. Ahadi hiyo ndiyo ya kuangaliwa, msomaji, barafu itakapoganda na mwindaji atakapouvuka mpaka ule pamoja na mbwa wake.